Kopo Ndani ya Mzinga wa Maganga

Jumapili, 12 Oktoba. Asubuhi kavu, upepo wa vumbi kutoka mashariki. Mawingu yalijikusanya saa moja nikadhani leo yatatoa kitu. Saa mbili yalikuwa yameshaondoka. Joto la kuchosha hata kabla ya chai.

Jana sikuandika, kwa hiyo leo naandika siku mbili. Nitafuata mpangilio. Nikianza na lililoniuma sitafika mwisho.

Wageni bado wapo. Ni mdogo wangu Paulina, mumewe Shomari, na binti yao Nasra wa miaka saba. Walishuka kwenye treni Ijumaa na mabegi sita kwa ajili ya siku tatu. Begi moja lilikuwa la viatu peke yake. Shomari ni Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa viyoyozi huko Dar es Salaam, na ni mtu anayeona aibu kukaa kwenye kiti bila kufanya kitu. Kabla hajanywa hata maji alinisomea ratiba aliyoiandika kwenye simu: Jumamosi bwawani, Jumamosi jioni njia ya misafara, Jumapili msituni. Hapa Tabora nimezaliwa na nimekaa miaka arobaini na mitatu. Sijawahi kupewa ratiba ya kuizunguka.

Lakini hawakuja kutembea tu. Walikuja kumwomba Sabina.

Sabina ni binti yangu, wa pekee, yuko kidato cha pili. Anapenda fizikia, na shuleni kwake mwalimu wa fizikia alihama mwaka jana hajaja mwingine. Paulina anataka akae kwao kuanzia Januari, asome huko mpaka kidato cha nne. Sabina anataka. Jibu walilihitaji leo jioni kwa sababu kesho wanaondoka. Mimi jibu langu lilikuwa tayari tangu Alhamisi. Lilikuwa hapana. Nilichokosa ni sababu ya kuisema mbele ya mtoto, kwa sababu huwezi kumwambia binti wa miaka kumi na tano kwamba humpeleki kwa baba yake mdogo kwa kuwa baba yake mdogo anakuchosha.

Nilikuwa naisubiri sababu hiyo itokee yenyewe.

Jumamosi tulikwenda bwawa la Igombe. Paulina aliliita ufukwe. Alivaa kofia pana na miwani myeusi, akatandika kanga juu ya matope yaliyokauka, akalala kifudifudi kama mtu aliyesukumwa. Bwawa Oktoba limepungua, ukingoni kuna harufu ya samaki na ng'ombe wanakuja kunywa. Ng'ombe mmoja alisimama karibu na kichwa chake akamwangalia muda mrefu. Nilimwelewa yule ng'ombe.

Shomari alikuja na deli la barafu lenye soda, mkate, na matikiti yaliyokatwa vipande sawasawa. Wakati wa kulishusha garini alinigeukia akasema, "Mnyamwezi, mzigo wako huo. Bagamoyo si mbali." Paulina akacheka. Sabina naye akacheka, mkono mdomoni. Nilimwambia deli lina vishikio viwili na yeye ana mikono miwili. Nikatangulia.

Ndivyo alivyo tangu Ijumaa. Kwamba babu yangu alibeba kitanda cha babu yake. Kwamba nikitembea naelemea upande mmoja kwa kuwa bado nina alama ya mzigo begani. Naujua utani wa Wanyamwezi na Wazaramo, sihitaji kufundishwa, marehemu baba yangu alikuwa akimnyang'anya Mzaramo kofia barabarani na wote wawili wakaendelea na safari zao. Lakini hayo ni mambo ya wazee na ya misibani. Mtu mzima mwenye simu ya bei ile anapata wapi nafasi ya kunitukania babu asubuhi na jioni? Nilikuwa siyajibu. Nilikuwa nayaandika.

Jioni ya jana tulikwenda upande wa Kwihara, na hapo ndipo nilipoelezwa mchezo. Ni hivi. Watu fulani, wengi wao wazungu, huficha kopo mahali, ndani wakaweka daftari na vitu vidogo vidogo. Kisha wanaonyesha mahali hapo kwenye ramani ya simu. Wewe unakwenda na simu yako, unatafuta kopo, ukilipata unaandika jina lako, unachukua kitu kimoja na kuacha kingine. Basi. Hapo mchezo umekwisha. Nilimuuliza Shomari mshindi ni nani. Akasema hakuna mshindi. Nikamuuliza sasa kwa nini anakimbia.

Ramani ilitupeleka kwenye shamba la mihogo la mtu. Mama mmoja alikuwa anachota maji kisimani, akatuacha tuzunguke kama dakika ishirini, wote tumeinamisha vichwa, ndipo akasogea.

"Mmepoteza mbuzi?"

"Hapana mama," Shomari akasema. "Tunatafuta kopo."

"Lina nini?"

"Daftari."

Yule mama alinitazama mimi, kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko wote pale. Nilitamani ardhi inifunike pamoja na mihogo yake.

Kopo halikuonekana. Njia ile watu waliipita miezi mitatu kwa miguu na pembe za ndovu vichwani, wengine hawakurudi. Sisi tuliipita na gari la kukodi tukitafuta kopo lililoachwa na mgeni. Nasra alilia kwa sababu aliahidiwa hazina. Shomari akamwambia kesho tutaficha ya kwetu, nzuri kuliko hiyo.

Hiyo ndiyo Jumamosi. Nililala saa nne na nusu, bila shida yoyote.

Leo tulitoka misa ya kwanza, Shomari akiwa anatusubiri nje ya kanisa na gari limeshageuzwa. Saa tatu na nusu tulikuwa tumeacha barabara ya Sikonge tukaingia msituni kwa miguu. Hapa naomba niseme ukweli: msitu ulikuwa mzuri. Miyombo imeota majani mapya, mekundu, wiki hizi mbili tu kabla hayajageuka kijani. Hata Paulina alivua miwani. Shomari alipiga picha sitini na kitu, nyingi akiwemo yeye.

Sasa niandike kuhusu kazi yangu, kwa sababu bila hiyo lililofuata halieleweki. Mimi ni karani wa ghala la asali. Warina asali wanaleta ndoo zao, napima uzito, napima unyevu, naandika. Warina wengi wana alama zao, na alama hiyo hiyo iliyopakwa rangi kwenye ndoo ndiyo iliyochongwa kwenye mti wenye mzinga wake. Mimi nazichora kwenye kitabu pembeni ya jina. Mzinga uliotundikwa kwenye mti wenye alama una mwenyewe, hata uwe mtupu. Haugusi mwingine. Akigusa analipa mbuzi, na hilo si jambo la kwenda mahakamani, linaishia hapo hapo msituni mbele ya watu.

Shomari alikuwa na kopo la plastiki la rangi ya chungwa. Ndani waliweka daftari, kalamu, bangili ya Nasra na gari dogo la kuchezea. Alitafuta mahali pa kulificha, akakataa shina hili na jiwe lile, hadi akaona mzinga wa gome umetundikwa kwenye panda ya mti, chini kuliko kawaida, mtu mrefu akikanyaga tawi anaufikia.

"Hapa hapa," akasema. "Nani atafikiria hapa?"

Sabina alisema, "Baba mdogo, huo mzinga si una mtu?"

"Mtupu huu. Sikiliza, hakuna nyuki hata mmoja."

Sabina akanigeukia mimi.

Kwenye shina, usawa wa kifua, kulikuwa na mistari miwili iliyopishana na duara dogo chini yake. Alama ya Maganga, mmoja wa warina wanaoleta ndoo ghalani kwangu. Naichora kila msimu. Ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho.

Nilimwangalia mwanangu nikasema, "Baba yako mdogo ni mtu mzima."



Blogu hii inasomwa na watu kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi mwenyewe kwenye simu mbili, kwa hiyo sina wa kumdanganya. Nilinyamaza kwa makusudi. Nilijua wiki hizi warina wanapita kukagua mizinga yao kabla ya nyuki kuhama. Nilitaka Maganga atukute. Nilitaka Sabina aone kwa macho yake jinsi mtu asiye na adabu ya mahali anavyoaibika. Hapo jioni ningekuwa na sababu na mtoto angekuwa ameiona mwenyewe.

Na Mungu hakunicheleweshea. Robo saa haikupita, tumekaa chini tunakula karanga, tukasikia kengele ya baiskeli. Maganga ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili. Nyuma ya baiskeli alikuwa amefunga kamba, nta kwenye mfuko, na mzinga mpya wa gome. Alitusalimia vizuri, akapokea shikamoo ya watoto, kisha akatazama juu. Kipande cha chungwa kilikuwa kinaonekana kwenye mlango wa mzinga.

Alipanda. Akalitoa kopo. Akalinusa, kwa sababu Shomari hujipaka marashi mpaka kwenye viganja.

"Nimepaka nta hapa juzi," akasema, polepole. "Nyuki wa kupeleleza wameshaanza kuja. Sasa wakija wanakuta duka la vipodozi. Nani kaweka?"

Shomari akasimama. "Mimi, kaka."

"Umetoka wapi wewe?"

"Dar. Lakini kwetu hasa Kisarawe."

"Kisarawe kwa nani?"

"Kwa Wazaramo, kwani kuna wengine?"

Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa hata nimekunja kanga yangu vizuri ili niwe nimekaa sawa wakati wa aibu. Maganga alishuka mtini, akaweka kopo chini, akajifuta mikono kwenye suruali. Ndipo uso wake wote ukafunguka.

"Kumbe mwizi ni wa nyumbani. Nilijua tu. Mnyamwezi mwenye akili hawezi kuficha plastiki kwenye mzinga. Hii ni akili ya mla nazi."

"Nazi inatia akili, we mpagazi," Shomari akasema, hata hakuvuta pumzi. "Babu yangu aliagiza asali mwaka ule. Mpaka leo haijafika. Nimekuja kuuliza mmelala wapi na mzigo wake."

"Babu yako alipewa asali akaila yote kwenye ngoma, akalala siku tatu."

"Na wewe ulikuwa nje unashikilia viatu vyake."

Maganga alicheka akaegemea baiskeli. Shomari alicheka akamshika bega. Paulina alicheka, Nasra alicheka bila kujua anacheka nini. Wanaume wawili waliojuana dakika mbili.

Na mimi nikasimama. Nilisema, kwa sauti ninayoitumia ghalani mtu akileta asali iliyochanganywa sukari: "Bwana Maganga, hili si la utani. Mzinga wako umeguswa. Kuna mbuzi hapa."

Maganga aligeuka. Alikuwa bado ana kicheko usoni.

"Mama Sabina. Nawe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Wakati anaweka?"

Nikaanza kukunja kanga yangu upya.

"Maana huyu ni Mzaramo, hajui kitu, hata mti hajui kama ni mti. Lakini wewe alama yangu unaichora kila msimu. Mara ya mwisho ulinirudisha nikapake upya, ukasema duara langu limekaa kama yai." Aliangalia shina, akaniangalia mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Hukuiona?"

Nilimsikia Paulina akiweka chupa ya maji chini.

Maganga ndiye aliyeninusuru, na hilo nalo limeniudhi. Alimgeukia Shomari akamwambia kwamba mbuzi amemsamehe lakini mtani halipi kwa maneno, atalipa kwa kichwa. Akafungua ule mzinga mpya kwenye baiskeli, akamtwika. Shomari akauliza ni mbali. Maganga akasema si mbali, Bagamoyo hapo mbele. Hivyo ndivyo tulivyotoka msituni: Maganga juu ya baiskeli anaendesha taratibu akipiga kengele na kuwanyooshea kidole Paulina na Nasra, mke wangu huyu, mwanangu huyu, pisheni msafara, na Mzaramo wa Kisarawe nyuma yake na gogo la gome kichwani, shingo imezama, jasho linamtiririka hadi kwenye fulana ya bei, anaimba wimbo wa ngoma ya kwao kwa pumzi aliyobakiza. Aliubeba kilomita mbili. Hakuutua hata mara moja. Mahali pa kuutundika mzinga huo, ukingoni mwa msitu, Maganga alimwinua begani ili afunge fundo la kwanza yeye. Akampa kipande cha nta cha Nasra, akachukua kopo la chungwa na kofia ya Shomari, akaenda zake.

Niliwaona nikiwa nyuma kabisa. Katikati ya njia, mzigo ukiwa bado kichwani mwa Shomari, Sabina alipunguza mwendo akanisubiri. Nilidhani anataka maji.

"Mama, uliiona ile alama?"

Ningeweza kusema macho yangu siku hizi hayaoni vizuri. Ni kweli kidogo. Ningemaliza hapo.

"Niliiona."

"Nilikuangalia, ukaniona nakuangalia."

"Ndiyo."

"Ulitaka baba mdogo agombezwe ili mimi nisiende."

Alilisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma jibu nyuma ya kitabu. Kisha akaongeza mwendo akawafikia wenzake, akampokea Shomari chupa iliyokuwa mkononi ili ashike mzigo kwa mikono yote miwili.

Nimejaribu mchana wote kutafuta namna ya kuliandika hili nikaonekana vizuri. Sikuipata. Niseme tu nilivyofikiri nikiwa jikoni, nikikata mchicha. Nimekusanya makosa ya Shomari siku tatu: viatu, marashi, kopo, maneno. Ni mengi, na mengi ni ya kweli. Mtu anayemwacha mkewe aliite bwawa la Igombe ufukwe na kulala juu ya kinyesi cha ng'ombe ana kasoro, sitabadilisha hilo. Lakini nilipoyapanga yote sikuona hata moja linalomhusu Sabina. Leo asubuhi Shomari alipoambiwa kosa lake alisimama akasema, "Mimi." Kosa langu mimi, ilibidi mrina asali aliseme mbele ya mwanangu.

Kwa hiyo nani anamfundisha nani adabu ya mahali?

Saa moja na nusu jioni, baada ya kula, Paulina alianza kusafisha koo. Sikumwacha afike mbali. Nilisema Sabina ataenda Januari. Nilisema atakwenda na madaftari yake yote, na kwamba kila Jumapili atanipigia simu yeye mwenyewe, si Paulina kwa niaba yake. Shomari alikuwa amekaa na taulo la maji ya moto shingoni. Aliitikia kwa kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu, akasema, "Asante, shemeji." Alisema hivyo tu. Nilimsubiri aongeze neno la upagazi, kusema kweli nilikuwa nimeshaandaa la kumjibu, la kwanza maishani mwangu. Hakuongeza. Mtu huyu hata utani anauleta pasipotakiwa na pakitakiwa hana.

Sabina alisema, "Asante, mama." Alilisema kama warina wanavyolisema wakishasaini kitabu.

Tangu wageni waje analala na mimi, kitanda chake amewapisha wao. Usiku huu alipomaliza kuosha vyombo alichukua blanketi lake chumbani kwangu, akalikunja, akatoka nalo. Nilimsikia akimwambia Nasra asogee. Wanalala sebuleni kwenye mkeka.

Hatujagombana. Jibu analo. Nilidhani ukitoa jibu zuri na lililotangulia linafutika, kama ghalani, ukiandika uzito sahihi unakata ule wa mwanzo mstari mmoja na kusaini pembeni. Sijui kama kesho kabla ya treni nimwombe msamaha yeye peke yake au mbele ya Shomari. Mbele ya Shomari ndiyo haki. Nitafanya hivyo. Sitafurahia.

Upande wake wa kitanda niliweka mto, nikautoa, nikaurudisha.

Naongeza Jumatatu alfajiri, kabla hawajaamka, kwa ajili ya kumbukumbu: usiku niliwasikia Sabina na Nasra wakicheka kidogo huko sebuleni, kisha kimya. Nilipata usingizi saa saba na dakika ishirini.